Cheti cha Jina si Leseni ya Biashara

Tangu ukaguzi wa vibanda vya biashara uanze hapa Chake Chake, Pemba, malalamiko hayakauki mezani kwangu katika ofisi ya leseni za biashara, na mengi yana sura moja. Kijana ananionesha cheti cha jina la biashara na kuuliza kwa nini tunamsumbua ilhali "keshasajiliwa".

Tunafurahi kuona vijana wanataka kujitegemea. Lakini cheti hicho, kinachotolewa na BPRA, wakala wa Zanzibar wa usajili wa biashara na mali, kinathibitisha jina tu. Hakikuruhusu kuuza hata kisheti kimoja. Wala hakikukingi na deni: biashara ikidaiwa, unadaiwa wewe mwenyewe.

Ruhusa ni leseni. Njoo na kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi, cheti cha jina kama unacho, na maelezo ya unachouza na mahali utakapouzia. Maombi yakikubaliwa utapewa namba ya kulipia. Pesa unaipeleka benki au unaituma kwa simu. Haipokelewi mkononi na mtu yeyote, hata akivaa kitambulisho chetu shingoni. Risiti uitunze, na tarehe ya mwisho ya leseni uiandike ukutani, kwani ikipita utalipa ada pamoja na adhabu, na kibanda kinaweza kufungwa kabla hujamaliza kujieleza. Anayeuza chakula, iwe urojo, juisi ya miwa au mandazi ya mlangoni mwa skuli, apime afya pia.

Wapo wanaotukimbia kwa kuogopa kodi. Mambo ya kodi yana ofisi yake, ZRA, yaani Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na kutukimbia sisi hakukufichi kwao.

Msimu wa karafuu ndio unaotuchosha. Mtu ana laki tatu zake, angeweza kuanza na kuku au mboga, anazunguka kwa majirani kununua karafuu mbichi "aanike auze". Mnunuzi wa karafuu ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Ukijipa kazi hiyo bila kibali, hayo ni magendo, si ujasiriamali, na mzigo ukikamatwa mtaji wote umekwenda. Tumeshasema sana, redioni na misikitini.

Na kabla hujamlipa fundi wa kibanda, uliza kwanza kama eneo hilo linaruhusiwa. Tupo siku zote za kazi; Ijumaa usije saa sita na nusu, tutakuwa tumeelekea msikitini.