Ukoko wa Mashine ya Kahawa si Chumvi: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kuisafisha kwa Vitu vya Jikoni

Mashine ya umeme ya kuchujia kahawa imeingia katika majiko ya Mombasa na kukaa kando ya dele la shaba, lile birika la kahawa, na pamoja nayo yameingia maelekezo ya kuisafisha ambayo watu hupeana kwa nia njema, ingawa mengi hayalingani na asili ya uchafu wenyewe. Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya tangi na kwenye mirija ya maji ya moto ni chumvi ya kisima. Chanzo cha dhana hiyo kinaeleweka, kwa sababu maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi inayohisika ulimini. Hata hivyo, chumvi ya kula huyeyuka katika maji matupu. Ukoko ungekuwa chumvi, kuisuuza mashine mara mbili tatu kungetosha. Ukoko ule ni chokaa, yaani kalisi kaboneti, kitu kile kile kilichomo katika mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za Mji wa Kale na kuta za Fort Jesus.

Mvua inaponyesha, maji huchukua hewa ukaa kidogo na kuwa na uchachu hafifu, kisha yanapopenya katika mwamba wa matumbawe ulio chini yetu huyeyusha sehemu ya chokaa na kushuka nayo hadi kisimani. Maji hayo yakipashwa moto, hewa ukaa hutoka, na chokaa iliyokuwa imefichika hurudi kuwa jiwe, nayo huganda pale penye joto zaidi. Kwa hiyo wanaosema kwamba mashine hujisafisha yenyewe kwa kuwa maji ya moto hupita ndani yake kila siku wamekosea kabisa, maana joto hilo ndilo linalojenga ukoko. Wanaosema kwamba maji yaliyochemshwa hayana chokaa wamekaribia ukweli: kuchemsha huangusha sehemu ya chokaa, lakini faida hiyo hupatikana tu maji yakiachwa yatulie na kumiminwa taratibu, mashapo yabaki chini ya sufuria. Kuyachuja maji kwa kitambaa huondoa mchanga na takataka; chokaa iliyoyeyuka hupita pamoja na maji.

Ninalotaka msomaji alishike ni kwamba mashine ya kahawa ina uchafu wa aina mbili, na dawa ya mmoja haiutibu mwingine. Chokaa huondolewa na tindikali, kama siki au ndimu. Mafuta ya kahawa, yale yanayoacha utando wa hudhurungi kwenye jagi na chujio, huhitaji sabuni au soda ya kuokea. Hapo ndipo dhana ya kuchanganya siki na soda kwa pamoja inapoharibu kazi. Povu linalofoka huonekana kama nguvu ya kusafisha, na wengi huamini kwamba kadiri linavyofoka zaidi ndivyo uchafu unavyotoka zaidi. Ukweli ni kwamba povu hilo ni hewa ukaa inayotoroka wakati tindikali na soda zinapomalizana nguvu, na kinachobaki ni maji yenye chumvi ya asetati, ambayo hayawezi chokaa wala hayafai sana kwa mafuta. Mtu ametumia vitu viwili vizuri akapata kimoja dhaifu. Siki itumike peke yake, mashine isuuzwe, kisha soda ipewe zamu yake kwenye jagi na chujio.

Siki nyeupe ya dukani, yenye asidi ya asetiki ya takribani asilimia 5, hutosha ikichanganywa sehemu moja kwa sehemu mbili za maji, au nusu kwa nusu ikiwa ukoko ni mnene. Mashine iwashwe hadi nusu ya mchanganyiko ipite, izimwe kwa dakika 30 ili tindikali ipate muda wa kuyeyusha, kisha iwashwe imalize, na baada yake yapitishwe maji matupu mara mbili au tatu. Kusubiri huko ndiko watu hukuruka, kisha wakalaumu siki. Ndimu nayo hufanya kazi hiyo hiyo na haiachi harufu kali, lakini maji yake lazima yachujwe vizuri, kwa kuwa nyama na mbegu zake huziba mirija. Ukwaju, unaosifiwa kwa kung'arisha shaba, uishie nje ya dele: tindikali yake ikikutana na chokaa hufanya mashapo yasiyoyeyuka kwa urahisi, na sukari yake hunata ndani ya mashine.

Wapo wanaoamini kwamba chombo kisichooshwa ndicho kinachotia kahawa ladha. Mafuta ya kahawa yakikaa hewani huchacha, na uchungu wake ni tofauti na uchungu mzuri wa kahawa chungu tunayoipenda. Kijiko kimoja cha chai cha soda katika jagi la maji ya moto, likiachwa wazi kwa nusu saa, hulegeza utando huo, na hata chupa ya chai husafishika hivyo hivyo. Chombo cha alumini kisilowekwe katika soda, kwani hugeuka cheusi. Tangawizi na iliki ziwekwe kwenye chujio pamoja na kahawa, zisiwekwe kamwe ndani ya tangi.

Jambo moja halina nafasi ya majaribio. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ambayo wengi huiita jiki, ikichanganyika na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini inayounguza macho na mapafu, na jiko dogo lenye dirisha moja ni mahali pabaya pa kukutana nayo. Dawa hiyo isiingie ndani ya mashine kabisa.

Anayetumia maji ya kisima aondoe chokaa kila mwezi, na mwenye maji laini, yaani yenye chokaa kidogo, anaweza kungoja miezi mitatu. Mwongozo wa mashine ukikataza siki, kwa kuwa baadhi ya mipira ya kuzibia huharibiwa nayo, mwongozo ufuatwe. Baada ya suuzo la mwisho, kifuniko cha tangi kiachwe wazi usiku kucha, kwani katika hewa yetu yenye unyevu tangi lililofunikwa na matone ndani yake huota ukungu, na ukungu huo hutoka kwa sabuni na brashi ndogo, si kwa siki ipitayo mara moja.