Kupe wa mbwa anapofika maabara

Mtu anapomleta kwa daktari wa mifugo mbwa mwenye homa, ufizi uliopauka na mkojo wa rangi ya kahawia, mara nyingi huja pia na kupe aliowabandua, wamefungwa katika karatasi. Nia yake ni njema, ila kupe hao hukauka na vinasaba vyao huharibika. Inafaa watiwe katika kichupa chenye alkoholi ya asilimia 70, kikiandikwa tarehe na mahali walipotolewa. Formalini, ambayo wengi hudhani huhifadhi vizuri zaidi, huvikatakata vinasaba tunavyovitafuta.

Kazi ya kwanza maabara ni kumtambua mdudu kwa hadubini. Kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus, anayejificha katika nyufa za banda na kuta, hueneza Babesia vogeli, kimelea kinachovamia chembe nyekundu za damu. Babesia rossi, iliyo kali zaidi, huletwa na kupe mwingine, Haemaphysalis elliptica. Hepatozoon canis, kimelea kingine cha damu, nayo haiingii kwa kuumwa: mbwa huipata anapojitafuna na kummeza kupe mwenye vimelea hivyo.

Baada ya hapo kupe husagwa, vinasaba vikatolewa, kisha kipimo cha PCR huzidisha kipande mahususi cha kinasaba cha kimelea kwa kupasha na kupoza mchanganyiko mara 30 hadi 40, hadi kiasi kidogo mno kiweze kuonekana. Hapa ndipo majibu husomwa vibaya. Kupe aliyeshiba amejaa damu ya mbwa, na vimelea tulivyovikuta huenda ni vya damu hiyo tu, bila kupe mwenyewe kuwa na uwezo wa kuviambukiza. Kwa hiyo jibu chanya latuambia kwamba kimelea kipo kati ya kupe na mbwa wa eneo hilo. Halithibitishi kwamba kupe huyo ndiye mwenezaji. Ushahidi huwa na uzito zaidi kimelea kinapopatikana katika tezi za mate, au katika kupe mwenye njaa aliyeokotwa bandani kabla ya kunyonya.

Viroboto hupasuliwa chini ya hadubini kutafuta viluwiluwi vya tegu Dipylidium caninum, na wengi wa viroboto wa mbwa, ajabu kidogo, ni yule aitwaye kiroboto wa paka, Ctenocephalides felis. Mtoto anayecheza na mbwa hupata tegu huyo akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya. Chawa mtafunaji, Trichodectes canis, naye huweza kumbeba tegu huyo, ingawa chawa wa mbwa hawaweki makazi kwa binadamu.

Kwa sababu hizo hatumpi mbwa dawa kwa majibu ya kupe peke yake. Mleteni mbwa mwenyewe, kabla hajachomwa sindano yoyote, ili tone la damu litolewe kwenye ncha ya sikio, litandazwe juu ya kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, inayofanya vimelea vionekane kwa hadubini.