Gitaa la umeme la bei nafuu: anza na shingo

Vijana wanaotaka kuanza gitaa la umeme huja na swali lilelile: "Fundi, ninunue la kampuni gani?" Mimi huwauliza kwanza wanataka kupiga muziki gani, na kama duka litawaruhusu kulishika gitaa kabla ya kulipa. Kwa bei za chini, magitaa mawili ya kampuni moja na ya aina moja yanaweza kutofautiana sana: moja linapigika, jingine linamchosha mtu mpaka analitupia nyuma ya kabati. Chanzo cha tofauti hiyo mara nyingi utakikuta shingoni, mahali ambapo mnunuzi huangalia mwisho, akishamaliza kupenda rangi.

Anza na nati, kile kipande chembamba chenye mifereji sita ambamo nyuzi hupita kuelekea kichwani. Kwenye magitaa ya bei ndogo mifereji hii mara nyingi huja haijachimbwa vya kutosha, kwa sababu kuimalizia kunataka mkono na muda wa mtu. Freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, na huhesabiwa kutoka kichwani. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 1. Ikizidi kidogo tu unene wa karatasi, uko salama. Ukiona uwazi mkubwa, nati iko juu. Hapo kodi ya F (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) itakuumiza mkono, na hata ukiimudu itatoka imepanda, maana uzi unaobonyezwa kutoka mbali unavutika na sauti yake inapaa. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi yangu: mwanafunzi mwenye kipaji anaacha gitaa akiamini vidole vyake vizito au sikio lake bovu, kumbe dawa ilikuwa faili na fundi mwenye subira.

Sasa liinue gitaa, litazame kutoka kichwani kuelekea mwilini kama seremala anavyotazama ubao. Shingo iwe karibu imenyooka, ikiwa na bonde dogo sana katikati. Upinde wa kawaida si tatizo, kwani ndani ya shingo kuna chuma cha kuurekebisha. Ila shingo iliyojisokota, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka, iache hapohapo dukani. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo pia. Ncha za freti zikikukwaruza, huenda mbao zimekauka na kusinyaa. Huko Dodoma na sehemu nyingine kavu hilo hutokea sana. Sisi wa pwani shida yetu ni unyevu na chumvi, na nyuzi zinashika kutu upesi. Zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.

Baada ya hapo, piga kila uzi, freti moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho. Muuzaji anaweza kukuona msumbufu; endelea tu. Watu wengi hujaribu gitaa kwa kodi mbili tatu za karibu na kichwa, wakaridhika. Lakini ukitaka kupiga solo ya dansi au sebene, mkono wako utaishi juu zaidi, karibu na mwili wa gitaa, na sauti inayotakiwa ni safi, isiyofunikwa na mkwaruzo wowote. Freti moja iliyopanda juu ya wenzake inatosha kuua noti unayoihitaji katikati ya sebene.

Huko juu ndiko pia gitaa lisilopangwa vizuri linakojiumbua. Gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, uachie. Itatoka sauti nyembamba ya kengele. Kisha bonyeza freti hiyohiyo, upige tena. Tyuna, kile kifaa cha kupimia sauti ya uzi, ioneshe sauti ileile. Ya kubonyeza ikiwa imepanda, kipande kinachobeba uzi huo kwenye daraja, pale nyuzi zinapokaa mwilini mwa gitaa, kirudishwe nyuma, mbali na shingo. Ikiwa imeshuka, kisogezwe mbele, kuelekea shingo. Ni kazi ya bisibisi, kwa hiyo lisikutie hofu. Lakini kama kipande kimeshafika mwisho wa nafasi yake na sauti bado iko juu, na nyuzi ni mpya, tafuta gitaa jingine.

Tukirudi kwenye swali la kampuni: Yamaha Pacifica ninaipendekeza bila wasiwasi, hasa 012 na 112. Squier ni jina la Fender kwa magitaa ya bei ya chini, na Epiphone ni la Gibson. Magitaa ya umeme yenye jina la Gibson hutengenezwa Marekani, kwa hiyo ukiuziwa "Gibson" mpya iliyoandikwa China, jina hilo limebandikwa tu. Kuhusu daraja, epuka Floyd Rose, lile daraja linaloyumba kwa springi, kwa kuanzia. Uzi mmoja ukikatika, nyingine zote zinatoka kwenye tyuni.

Usimalize pesa yote kwenye gitaa. Mimi hushauri robo ya bajeti ibaki kwa ajili ya fundi, nyuzi, kebo na tyuna. Nyuzi za 9 hadi 42 (namba hizo ni unene wa uzi mwembamba na mnene kabisa, kwa elfu za inchi) ni laini kwa vidole vipya, na nunua uzi wa kwanza wa akiba, kwani ndio unaokatika zaidi.

Amplifaya ndiyo inayonipa mashaka zaidi, kwa sababu ya umeme. Amplifaya nyingi za mtumba kutoka Japani zimetengenezwa kwa volti 100, na za Marekani kwa 120. Umeme wetu ni 230, na Kenya ni 240. Soma maandishi ya nyuma kabla hujachomeka. Pakiwa na 100 au 120 peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme. Ukichomeka hivihivi, kifaa kinaweza kuungua papo hapo. Pakiandikwa 100 hadi 240, chomeka bila hofu. Kwa wanaoishi kwenye nyumba za kupanga zenye kuta nyembamba, kile kiamplifaya kidogo cha betri kinachoingia kwenye jeki ya gitaa na kutoa sauti kwenye hedifoni kinafaa sana, hata umeme ukikatika.

Kwa mnaojifunzia kanisani: gitaa likichomekwa moja kwa moja kwenye mikisa hutoa sauti nyembamba, isiyo na uhai. Mwombeni mtu wa mitambo kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na mikisa na kulinganisha mawimbi yao. Na jambo hili mlichukulie kwa uzito. Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida. Lakini ukihisi shoti kidoleni, au mdomo ukigusa maikrofoni unakupiga, acha kupiga mara moja, zima mitambo kwenye soketi, na fundi umeme akague ethi ya jengo, yaani waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Akija mtu akakwambia mvumo unaisha kwa kukata waya wa ethi kwenye plagi, mkatalie: ukikatwa huo na amplifaya ikapata hitilafu, umeme utapita kwenye nyuzi, na mkono wako uko hapo.