Picha kuchanika kwenye gemu: maana yake na namna ya kuimaliza

Zungusha kamera haraka ndani ya gemu ukitazama nguzo ya taa. Nguzo inakatika: kipande cha juu kimebaki nyuma, cha chini kimetangulia, na kati yao pana mstari wa mlalo ambapo viwili hivyo haviungani. Huko ndiko picha kuchanika. Wengi wakiona hivyo hudhani kadi ya grafiksi inakufa au waya umelegea, na wapo wanaoingia gharama ya kubadilisha vyote viwili. Mara nyingi hakuna kilichoharibika; kadi na skrini haziendi pamoja, basi.

Skrini haibadilishi picha yote kwa mkupuo mmoja. Inaichora mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kisha inarudi kuanza upya. Skrini ya Hz 60 hufanya hivyo mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7. Kadi nayo inatengeneza fremu, yaani picha moja moja za gemu, kwa mwendo wake: kwenye uwanja mtupu pengine 110 kwa sekunde, mlipuko ukitokea zinashuka hadi 48. Fremu mpya ikiiva, kadi inaiweka mahali pa ile ya zamani papo hapo, hata kama skrini imefika katikati ya kuchora. Ni kama mwanafunzi anayenakili ubaoni, mwalimu akafuta na kuandika somo jingine kabla hajamaliza: daftari lina hesabu juu, jiografia chini.

Picha ikisogea pikseli 1,200 kwa sekunde na gemu likitoa fremu 60, kila fremu imepishana na iliyotangulia kwa pikseli 20. Hizo 20 ndizo upana wa ule mkato kwenye nguzo. Ukisimama tuli, mkato hauonekani kabisa.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha ni tatizo lenyewe. Piga picha ya skrini kwa kompyuta, si kwa simu, wakati mkato unaonekana. Kompyuta huchukua fremu nzima kutoka kwenye kumbukumbu, hivyo mkato hautakuwemo. Ukiwemo, hiyo ni hitilafu nyingine: gemu lenyewe, draiva (programu inayoendesha kadi), au kadi iliyopata joto kupita kiasi.

Kisha angalia Hz. Kwenye Windows 11 fungua Settings, System, Display, halafu Advanced display. Skrini ya Hz 144 iliyoachwa kwenye 60 ni jambo la kawaida mno.

Dawa ya zamani ni V-Sync: kadi inasubiri skrini imalize kuchora ndipo iweke fremu mpya. Iwashe ndani ya gemu. Kama gemu halina, kwenye NVIDIA Control Panel ingia Manage 3D settings, uweke Vertical sync iwe On. Kwenye programu ya AMD tafuta Wait for Vertical Refresh. Mkato unaisha, lakini kuna bei mbili. Ya kwanza, kipanya kinahisi kizito, kwa sababu fremu iliyo tayari inakaa foleni. Ya pili ni mbaya zaidi: kadi ikihitaji milisekunde 18 kwa fremu, imekosa zamu ya 16.7, hivyo inangoja hadi 33.3. Gemu lililokuwa na fremu 55 linaanguka ghafla hadi 30. Triple buffering, yaani kuipa kadi nafasi ya ziada ya kuweka fremu, kama gemu linayo, hupunguza anguko hilo.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukiliwekea gemu kikomo cha fremu 60 kwa sekunde inatosha. Haitoshi. Skrini nyingi za “60” kwa kweli huenda Hz 59.94, hivyo kila fremu inawahi kidogo kuliko iliyopita, na mkato unapanda polepole kutoka chini hadi juu kwa takriban sekunde 17, kisha unaanza tena. Kuufuata mkato unaotambaa kunachosha macho kuliko ule unaorukaruka.

Suluhisho bora ni skrini inayoisubiri kadi: G-Sync ya NVIDIA, iliyotangazwa 2013, au FreeSync ya AMD. Iwashe kwanza kwenye menyu ya skrini yenyewe kwa vitufe vyake, ndipo uiwashe kwenye programu ya kadi. Watu husahau hatua ya kwanza. Tumia waya wa DisplayPort. HDMI inategemea skrini na kadi, na VGA haiwezi kabisa.

Soma pia mipaka ya skrini yako. Yenye Hz 48 hadi 75 haina msaada fremu zikipita 75, na mkato unarudi. Kwa hiyo weka kikomo cha fremu kiwe 3 chini ya kilele: 72 kwa Hz 75, 141 kwa Hz 144. V-Sync iache On kwenye programu ya kadi, Off ndani ya gemu. Kazi yake hapo ni kudaka fremu chache zinazoponyoka.

Mwenye skrini ya zamani ya ofisini ya Hz 60 atabaki na V-Sync. Apunguze vivuli kwanza, maana vinakula kadi sana, kisha ubora wa mwangaza, mpaka fremu zisishuke chini ya 60 hata kwenye vurugu kubwa.