Flashi kadi ya Game Boy Advance kwa anayeandika gemu mwenyewe: yanayosemwa na ukweli wake

Mtu akianza tu kuandika gemu zake za Game Boy Advance (GBA) swali la kwanza ni anunue flashi kadi gani, yaani katriji unayoipakia gemu mwenyewe, na majibu mengi anayopewa yanatoka kwa watu wanaotaka kucheza, sio kuandika. Mchezaji anaangalia kadi inabeba gemu ngapi. Wewe mwandishi angalia chip ya kumbukumbu iliyomo ndani ya kadi na namna kadi inavyosevu, hayo mengine ni mapambo.

"Inayokubali memori kadi kubwa ndo kadi bora"

Hii ndo inapoteza wengi. GBA haisomi memori kadi kabisa. Inaiona romu, yaani gemu iliyomo kwenye katriji, kama kumbukumbu yake yenyewe, kuanzia anwani 0x08000000 hadi megabaiti 32, na prosesa yake, ARM7TDMI ya megahezi 16.78, inachota maagizo moja kwa moja kutoka kwenye katriji huku gemu inaendelea. MicroSD haisomeki hivyo, kwaiyo kadi kama EverDrive au EZ-Flash Omega inahamisha kwanza faili lako kutoka microSD kwenda kwenye chip yake, alafu ndo gemu inawaka. Hiyo chip ndo unayoilipia, microSD ni stoo tu. Na gemu yako ya kwanza labda haitafika hata megabaiti 1, sasa gigabaiti 128 za nini?

Alafu microSD zinazozidi gigabaiti 32 kwa kawaida zinakuja na fomati ya exFAT wakati flashi kadi nyingi zinataka FAT32, na feki zipo kibao, imeandikwa 64 ndani hakuna kitu. Ipime kwa H2testw au F3 kwenye kompyuta kabla hujaanza kuilaumu programu yako.

"Chip zote spidi ni ileile"

Hapana. GBA ikiwaka inasoma romu kwa mwendo wa pole, na waandishi wengi wanaharakisha kwa kuweka 0x4317 kwenye rejista ya WAITCNT, ile inayopanga mwendo wa kusoma katriji, ndivyo hata gemu nyingi za dukani zilivyofanya. Sasa kuna kadi za zamani, SuperCard ndo iliyojulikana zaidi kwa hilo, chip zake zilikuwa nzito na gemu zikawa zinasuasua. Ukiwa na kadi ya hivyo utakesha unapunguza kodi (code) yako wakati kodi hiyo haina kosa. Ukiona mambo mazito jaribu kwanza kuhamishia zile funkshen zinazoitwa mara nyingi kwenye IWRAM, ni kilobaiti 32 tu ila ndo kumbukumbu ya haraka kuliko zote humo ndani. Hapo gemu ikichangamka ujue shida ilikuwa kwenye kusoma romu, sio hesabu zako.

"Emuleta inatosha, kadi ni anasa"

Hapa kuna ukweli nusu. Emuleta ni programu ya kompyuta inayoigiza GBA, na mGBA ni nzuri mno, kazi ya kila siku ifanyie humo, mimi sioni sababu ya mtu kuchomoa na kuchomeka microSD kila akibadili mstari mmoja. Ila kuna mambo emuleta inakusamehe. Mashine yenyewe ikiwaka inakagua kichwa cha romu, ile nembo ya Nintendo ya baiti 156 pamoja na namba ya uhakiki, na zikikosewa haisogei, wakati emuleta inayoruka BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, inapita tu kama hakuna kitu (dawa yake ni gbafix, inakuja na vifaa vya kuandikia gemu vya devkitPro). Na rangi sasa! GBA ya mwaka 2001 haina taa kwenye kioo, ule usiku wako mzuri wenye bluu nzito kwenye kompyuta, kule ni giza tupu, mchezaji haoni hata mhusika kasimama wapi.

"Kusevu kadi inajua yenyewe"

Kwa gemu za dukani mara nyingi ndiyo, kwa gemu yako wewe sio lazima. Gemu zilizotengenezwa kwa vifaa rasmi zina maandishi ndani ya romu kama SRAM_V au EEPROM_V au FLASH1M_V, yakitaja aina ya chip ya kusevu, na emuleta na kadi nyingi zinatafuta hayo maandishi ili zijue gemu inasevu kwa njia gani. Yako haina mpaka uyaweke mwenyewe. Nyingine zinakupa menyu uchague, ambayo kwa mwandishi ni raha. Kwa wanaoanza nashauri SRAM, ni kilobaiti 32 na haina mambo mengi, ila kumbuka inaandikwa na kusomwa baiti moja moja, ukiimwagia memcpy (funkshen ya kunakili data) ya kawaida data inaharibika na utadhani kadi mbovu. Kitu kingine ni betri. Kadi zinazotunza SRAM kwa betri, betri ikifa sevu nazo zimekwenda. EZ-Flash Omega Definitive Edition inatumia FRAM ambayo haihitaji umeme kutunza data, na kwangu hiyo pekee inatosha kuongeza hela kidogo.

"Chukua R4, inafanya yote"

R4 ni ya Nintendo DS, inaingia tundu la juu, na tundu hilo haliwezi kuwasha romu ya GBA kama katriji. Ukiandika za DS hesabu zote zinabadilika, maana huko programu inapakiwa kwenye RAM ya megabaiti 4 na mafaili mengine unayasoma kwa DLDI, ile draiva inayoiwezesha programu yako kusoma memori kadi, kwaiyo unachotafuta ni kadi yenye DLDI inayofanya kazi vizuri. R4 ya kwanza iliishia microSD za gigabaiti 2, na nakala zake za baadae nyingi zina bomu la muda, tarehe fulani ikipita menyu inagoma. Mwenye DSi anaweza hata asinunue, ina tundu la SD na programu za kujiundia zinawaka kupitia hapo.

"Ukiandika gemu zako mwenyewe sheria haikuhusu"

Gemu yako ni mali yako, hilo halina ubishi. Kadi ni kesi nyingine. Mahakama ya Tokyo mwaka 2009 ilizuia uuzaji wa R4, na Mahakama Kuu ya Uingereza mwaka 2010 ikasema kwamba kadi kuweza kutumika kihalali sio utetezi kwa muuzaji. Soma ya nchi yako kabla hujaagiza.

"Bila kadi huwezi kujaribu kwenye mashine"

Unaweza. GBA inapokea programu kupitia waya wa linki, inaitwa multiboot, mwisho kilobaiti 256 na hakuna katriji inayohitajika. Ni ndogo, ila kwa gemu ya nyoka au ya matofali inabaki nafasi. Anzia hapo, kadi utanunua kilobaiti hizo zikijaa.