Bastola za .22 za kulengea shabaha: angalia kifyatulio na usafi kabla ya usahihi

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaoanza kulenga shabaha hapa Ohio, wakiwemo ndugu zetu waliohamia huku kutoka Afrika Mashariki na Kongo, ni lile lile: kati ya Ruger, Browning na Smith & Wesson, ipi inapiga pale pale unapolenga? Jibu langu huwa haliwapendezi. Zote. Iegemeze yoyote kati ya hizo juu ya mfuko wa mchanga, ipe risasi inayoelewana nayo, na matundu yatarundikana ndani ya sentimita chache kutoka mita 25. Inyanyue kwa mkono mmoja, kama kanuni za bullseye, mashindano ya kulenga karatasi yenye miduara, zinavyotaka, na matundu yatatawanyika hata kama mtutu hauna kosa lolote. Duara la kumi kwenye karatasi ya yadi 50 lina upana wa sentimita 8.5 hivi. Bastola ya dola 400 au 500 inaliweza. Mkono wa mtu aliyekunywa vikombe vitatu vya kahawa asubuhi hauliwezi.

Kwa hiyo mimi, ninayefundisha wanaoanza na kuzifungua bastola hizi mezani zikileta matata, nalinganisha mambo mengine. Kifyatulio kinaachiaje? Mpini umelala kiasi gani? Na mwenyewe ataweza kuifungua na kuisafisha bila kuniletea vipande ndani ya mfuko wa rambo?

Hilo la usafi linaanzia kwenye risasi yenyewe. .22 Long Rifle, ndiyo risasi ya bastola hizi, ilitoka mwaka 1887 katika kiwanda cha J. Stevens huko Marekani, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Haina kile kiwashio cha katikati ya kitako ulichokiona kwenye risasi ya 9mm. Dawa ya kulipua imo ndani ya ukingo wa ganda, husambazwa humo kwa kuzungusha ganda dawa ikiwa bado mbichi, na sindano ya bastola huubonda ukingo huo dhidi ya mdomo wa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Pale ambapo dawa haikufika vizuri, risasi inagoma. Ikigoma, usiitoe haraka: mtutu ubaki umeelekea shabaha, hesabu sekunde 30, maana huenda mlipuko umechelewa tu. Nyingi ukizigeuza zikagongwa upande mwingine zinalipuka bila shida.

Kichwa cha risasi hizi mara nyingi ni madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta au grisi. Nta hiyo, pamoja na masizi na chembe za baruti ambazo hazikuungua, hujijenga usoni mwa bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, na chini ya kile kikulabu kinachovuta ganda. Risasi mia kadhaa zikipita, bastola inaanza kusita. Ndiyo maana nasema bastola ya .22 isiyofunguka kirahisi haitasafishwa, na isiyosafishwa itakwama tu. (Na kwa kuwa tumetaja madini ya risasi, nawa kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa andazi.)

Ruger ndiyo utakayoikuta kwenye kila meza ya uwanja. William Ruger na Alexander Sturm waliianzisha kampuni yao mwaka 1949 huko Southport, Connecticut, na bidhaa yao ya kwanza ilikuwa bastola hii, kwa dola 37.50. Kwa nje imefanana na Luger ya Wajerumani, mpini umelala nyuma sana. Ndani wazo lake limetoka kwenye Nambu ya Kijapani: badala ya slaidi, lile gamba la juu la bastola, inayorudi nyuma yote, kuna bolti inayokwenda na kurudi ndani ya bomba. Mtutu umekazwa kwenye bomba hilo, na kilengeo cha nyuma kimekazwa kwenye bomba hilo hilo, kwa hiyo hakuna kinachosogea kati ya hivyo viwili. Fremu ilikuwa mabati mawili ya chuma yaliyokandamizwa kwa mashine na kuunganishwa kwa kulehemu, jambo lililosaidia sana kuishusha bei.

Kasoro yake maarufu ilidumu zaidi ya miaka 60, kutoka bastola ile ya kwanza hadi Mark II ya 1982 na Mark III ya 2004. Kuifungua ni raha. Unabandua kishikizo chembamba nyuma ya mpini, unavuta kipande chenye springi pamoja na pini inayopenya kwenye bolti, na bolti inateleza nje. Kuirudishia ndiyo kazi. Nyundo lazima iwe imelala mbele kabla bolti haijaingia. Kisha kuna kijiti kinachoning'inia nyuma ya nyundo, nacho lazima kiangukie juu ya springi. Ukiinamisha bastola vibaya, kijiti kinaegemea kwenye pini ya pembeni. Unafunga kila kitu, unavuta bolti, inakwama njiani. Unafungua tena, unauelekeza mtutu juu, unatikisa kidogo mpaka usikie kimeanguka, unafunga. Mark III ikaongeza balaa lake: kwa kuwa haifyatuki bila magazini, inakudai uingize na kuichomoa magazini tupu katikati ya hatua hizo. Nimepokea Mark III ambazo wenyewe hawakuzifungua tangu zilipotoka dukani, na siwalaumu.

Mark IV ya 2016 ilimaliza ugomvi huo. Toa magazini, vuta bolti uikague chemba kwa jicho na kwa kidole, weka sefti (kizuizi cha kufyatuka), kisha bonyeza kitufe kilicho nyuma ya fremu chini ya bolti. Sehemu yote ya juu inainama mbele kwenye bawaba na kutoka, na bolti unaichomoa kwa vidole viwili. Kwa mwanafunzi, kitufe hicho ni bora kuliko kilengeo chochote cha bei mbaya.

Kifyatulio chake nacho? Cha kiwandani ni kizito kidogo na kina mikwaruzo. Kinatumika, lakini ukizoea kizuri utakisikia. Kuna kampuni ya Volquartsen huko Iowa inayotengeneza nyundo na vyuma vya ndani vya kubadilisha, na ukiviweka bastola inakuwa nyingine kabisa. Ukienda mashindano ya bullseye kumbuka kwamba kifyatulio cha .22 hakiruhusiwi kuachia chini ya pauni 2, yaani kama gramu 900, kwa hiyo usikilegeze mno.

Mpini uje uupime mwenyewe. Fumba macho, inyanyue bastola usawa wa bega, fumbua macho uone vilengeo viko wapi. Mpini wa kawaida wa Mark IV huwafanya wengi waelekeze mtutu juu, hasa waliozoea bastola za kisasa. Hao nawapa 22/45, ambayo mpini wake umesimama kama wa Colt 1911. Ile 22/45 Lite ina uzito wa gramu 700 hivi, wakati Mark IV Target ya chuma cha pua yenye mtutu mnene wa inchi 5.5 inafika kilo 1.2. Kwa mtoto wa miaka 12 anayefundishwa na mzazi wake nyepesi ni rehema. Kwa mtu mzima anayetaka mkono utulie, nzito ndiyo mwalimu.

Browning Buck Mark, iliyotoka 1985, ndiyo ninayoifurahia mwenyewe saa za jioni ambapo hakuna mwanafunzi. Kifyatulio kinachotoka kiwandani ni kizuri ajabu kwa bei yake: unakandamiza, hakisogei, hakisogei, kimeachia. Hakuna kukwaruza njiani. Mpini nao umesimama vizuri mkononi.

Ubaya wake uko juu. Kilengeo cha nyuma kimekaa kwenye reli inayopita juu ya slaidi, na reli imeshikwa kwa skrubu mbili. Ili uitoe slaidi uisafishe vizuri, lazima uzifungue kwa alenki, ufunguo wa pembe sita, na ukizirudisha bila kuzikaza sawasawa kilengeo kinahama polepole huku wewe ukiilaumu mikono yako. Mtu akiniambia Buck Mark yake "imeanza kupiga kushoto", naanza na skrubu hizo kabla sijagusa kitu kingine. Tone dogo la gundi ya kushikilia skrubu, ile ya buluu, linatosha. Nyekundu usiiguse, utakuja kuilia.

Smith & Wesson nitazitaja mbili, nazo ziko mbali kama mbingu na ardhi. Model 41, ya 1957, ni bastola ya mashindano kwelikweli: kilengeo cha nyuma kimejengwa kwenye kiendelezo cha mtutu wenyewe, kwa hiyo slaidi icheze itakavyo, vilengeo na mtutu havitengani. Unavuta chini kilinzi cha kifyatulio na mtutu unatoka mkononi mwako. Kifyatulio chake sijaona anayekilalamikia. Lakini inazidi dola 1,000 kwa mbali, na inachagua chakula. Watu wengi huilisha risasi za mwendo wa kawaida, kama CCI Standard Velocity, ambazo haziufikii mwendo wa sauti. Ukiimiminia risasi za bei rahisi za kila aina, itakugomea mbele za watu.

SW22 Victory ya 2016 ni ya watu wa kawaida. Skrubu moja tu mbele ya kilinzi cha kifyatulio, na bastola imegawanyika, hata mtutu unabadilishwa nyumbani. Inapiga vizuri, ila kwa mshiko na sura, mimi bado haijanivuta.

Taurus TX22, ya kampuni ya Brazili, ilitoka 2019 na imekuwa kipenzi cha vijana: plastiki ngumu, nusu kilo tu, magazini ya risasi 16 katika majimbo yanayoruhusu. Inameza risasi za kila aina bila kununa. Si ya karatasi ya yadi 50, kwa sababu kilengeo cha nyuma kinasafiri na slaidi, lakini kwa kupiga vibao vya chuma Jumamosi mchana ina raha yake. Zile Pardini na Walther za Olimpiki, zenye mpini wa mbao uliochongwa kufuata kiganja, ziache kwa sasa. Ni ghali, na kiganja chako bado hakijajua kinataka nini.

Kilengeo cha nukta nyekundu nakipendekeza, hasa kwa waliovuka 40, ambao macho yao hayashiki tena kilengeo cha mbele na shabaha kwa pamoja. Kwenye Steel Challenge, mashindano ya kupiga vibao vya chuma kwa kasi, wenye .22 hawachomoi bastola kiunoni, wanaanza wakiwa wameishika mkononi mtutu ukielekea chini mbele, na huko nukta inaokoa muda mwingi.

Kitu kidogo kinachoharibu siku za wengi ni kujaza magazini. Kile kitufe cha pembeni usikivute mpaka chini halafu ukamwaga risasi kumi kwa mpigo. Kishushe kidogo, weka moja, kishushe tena kidogo, weka nyingine. Ukingo wa risasi ya juu ukinasa nyuma ya ukingo wa ile ya chini yake, bolti inaisukuma pua ya risasi kwenye ukuta badala ya chemba, na mwenye bastola anakimbilia kusema Ruger ni mbovu.

Kwa walio Marekani kwa viza ya masomo au ya matembezi: sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki na hata kushika silaha isipokuwa kwa vighairi vichache, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Uliza mwanasheria kabla hujaalikwa uwanjani na rafiki. Mwenye green card anaruhusiwa. Bastola dukani inauzwa kwa aliyetimiza miaka 21, na majimbo kama New York na New Jersey yanataka kibali kwanza. Wala kibali cha huku hakikusaidii chochote ukitua Nairobi au Dar es Salaam.

Ukinunua iliyokwisha kutumika, Mark IV yenye nambari inayoanza na WBR au 401, iliyotengenezwa kabla ya Juni 2017, iulizie kama ilirudishwa Ruger. Waliziita zote, kwa sababu sefti ikiachwa katikati na kifyatulio kikavutwa, bastola ingeweza kufyatuka baadaye ukiisukuma sefti kwenye kufyatua. Kampuni hurekebisha bila malipo. Kwenye Buck Mark, chomeka alenki kwenye zile skrubu mbili uone kama vichwa vimeliwa. Kwenye Mark II na III, chungulia mdomo wa chemba kwa tochi: ukiona kishimo kilichogongwa na sindano ukingoni, aliyekutangulia aliipoteza ile pini ndogo inayoizuia sindano, akaendelea kufyatua bastola tupu sebuleni. Omba bei ishuke, au mrudishie.