Harpo hakuwa bubu, na hakuzaliwa na hela

Kila nikimtaja Harpo Marx mbele ya watu wanaopenda komedi za zamani, yule mchekeshaji wa Kimarekani wa kundi la Marx Brothers, mwenye wigi la nywele za kujikunja na honi ya kubinya, lazima mmoja aropoke "aah, yule bubu". Bubu gani sasa anatoa kitabu cha maisha yake 1961, kaandika na Rowland Barber, halafu kinaitwa Harpo Speaks!, yaani Harpo anaongea, na humo ndani mzee anapiga stori kama kakaa barazani na kahawa? Ukimya ni wa jukwaani tu. 1914 mjomba wake Al Shean aliwaandikia yeye na kaka zake mchezo, Harpo akapewa mistari mitatu, akanuna, akaanza kujiongezea maneno yake, mwandishi wa gazeti mmoja akasema kijana akiigiza kwa ishara ni moto ila akifungua mdomo anaharibu kila kitu. Ilimuuma kweli. Ila ndo ikawa basi, toka hapo jukwaani akawa kimya, na kwenye filamu zao hazungumzi.

Harpo alikuwa Myahudi, na dhana inayonikera zaidi ni ile ya Myahudi = tajiri. Watu wanasema kabisa, "Myahudi maskini umemuona wapi?" Haya, nenda nae namba 179 East 93rd Street, New York, Harpo akiwa dogo. Midomo kumi ya kulisha: vijana watano, binamu mmoja, baba, mama, bibi na babu. Dingi, Sam, wenyewe walimwita Frenchie, alikuwa fundi cherehani asiyetumia futi kupima! Anakukadiria kwa macho. Watoto wake wamesimulia kwamba wateja wake ungewajua mtaani, mguu mmoja wa suruali mrefu mwingine mfupi, na mteja akishonewa mara moja harudi, kwa hiyo jamaa kila siku anatafuta wateja mbali zaidi. Kupika lakini alijua sana, hapo hana mpinzani. Na hawakuwa peke yao, kati ya 1881 na 1924 Wayahudi kama milioni 2 wa Ulaya Mashariki waliingia Marekani, wengi mikono mitupu, wengi wakaishia kwenye vyumba vya kushonea nguo. Familia ya kina Marx ilitangulia kidogo, mama katokea Ujerumani, baba Alsace, mkoa wa mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, nyumbani wanaongea Kijerumani cha kaskazini, kwa hiyo hata ile ya "Wayahudi wote wa New York waliongea Kiyidi", lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, nayo haisimami.

Kuna wanaosema aliacha shule darasa la pili kwa sababu kichwa kizito. Hapana bwana. Alikuwa Myahudi peke yake kwenye darasa, kuna madogo wawili wa Kiairishi, mwalimu akitoka tu wanambeba juujuu wanamtupa nje dirishani, kila siku. Siku moja akaanguka, akajikung'uta, akageuka zake nyumbani, miaka 8, imeisha hiyo. Akasomea mtaani. Kila block ina kabila lake, Wajerumani huku Waairishi kule, ukipita kwa wengine lazima uwe na kitu cha kutoa ushuru, mpira wa tenisi uliokufa au rili ya uzi iliyoisha, usipokuwa nacho unachapwa. Barafu ikiganda alikuwa na kiatu kimoja tu cha kuteleza, cha mguu wa kushoto, basi anateleza na mguu mmoja. Na saa aliyopewa kwenye bar mitzvah, sherehe ya Kiyahudi ya kijana kuhesabiwa mtu mzima, akitimiza 13, ilibidi aing'oe mishale! Kaka yake Chico alikuwa mcheza kamari, kitu chochote chenye thamani kinaenda kuwekwa rehani, sasa saa isiyo na mishale nani ataipokea. Saa haisomi, ila ipo mfukoni.

Hii ya jina nimeisikia mara nyingi: alizaliwa Adolph, akabadili kuwa Arthur kumkwepa Hitler. Wapi. Alibadili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Hitler bado hajulikani na mtu.

Na kinubi? Watu wanadhani kasomea. Noti za muziki alikuwa hazijui, mkao alijifunza kwa kuangalia picha ya malaika dukani anapiga kinubi, akajua aaah kumbe kinaegemezwa bega hili. Nyuzi alizifunga kivyake, vibaya. Baadae kapata hela, kalipa walimu wakubwa, wao ndo wakawa wanakaa kumwangalia yeye vidole vyake.

Mwisho kuna wanaodhani kitabu cha umaskini lazima kiwe kilio, na kikichekesha basi mwandishi anaficha. Mi naona hajaficha, dirishani katupwa na kasema, mpaka jina la mtaa kataja. Ila mkumbuke lile sura lake, macho yamekodoka mashavu yamejaa hewa? Hakubuni. Kulikuwa na mzee anaitwa Gehrke, kazi yake kusokota siga dirishani Lexington Avenue, akizama kwenye kazi sura inamgeuka hivyo bila kujua. Dogo akasimama nje ya kioo anamuiga, mara nyingi, mpaka akaipata. Kwenye filamu zao ukiitafuta utaiona. Familia ikaipa jina la yule mzee, ila kwa matamshi yao, Gookie.